Kope Likilegea, Huenda Maradhi Yako Nyuma ya Jicho

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi akina mama mnaokaa katika kambi za jeshi na za polisi, leo naomba kila mmoja wenu amtazame usoni mtoto aliye karibu naye. Msitazame kama amenawa. Tazameni makope ya juu ya macho yake mawili, kama yamesimama sawasawa, au kama moja limeshuka likafunika sehemu ya mboni, kana kwamba usingizi umemshika upande mmoja tu. Kisha jitazameni wenyewe katika kioo. Ombi hili lina sababu yake, nami nitaieleza bila kujificha, maadamu mimi mwenyewe ni miongoni mwa waliokosea.

Mwaka 2016 mtoto wa dada yangu mdogo, mvulana wa miaka sita, alianza kulegea kope la jicho la kushoto. Baba yake ni askari, na wakati ule alikuwa pamoja na majeshi ya Uganda yaliyokwenda kulinda amani nchini Somalia. Dada alibaki kambini na watoto watatu. Jumapili moja alinijia nyumbani akasema, "Kaka, hebu mtazame mpwa wako, jicho hili halifunguki vizuri." Nilimtazama kwa muda usiozidi dakika moja. Nikasema ni chokea. Nikatoa fedha za kununua dawa ya mafuta ya macho, nikarudia gazeti langu.

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mwalimu humkagua mtoto kila asubuhi: macho, meno, ngozi na kucha. Mimi niliacha ubao nikapata meza ya ofisi, na yaelekea ukaguzi niliuacha huko huko pamoja na chaki. Ningalitumia ule ujuzi mdogo nilio nao, ningaliona kwamba kope lile halikuwa na kipele, halikuwa jekundu, wala mtoto hakulalamika nilipoligusa. Chokea huuma. Chokea huwa na kichwa chake kidogo kwenye ukingo wa kope, huiva, hupasuka, na mambo huisha. Kope lililoshuka kimya kimya bila maumivu ni habari nyingine.

Shuleni mwalimu wake alidhani anasinzia, akamsimamisha nyuma ya darasa. Jirani mmoja alisema mtoto ameonewa kijicho, akamwosha kwa maji ya majani yaliyochemshwa. Zahanati ya kwanza ilitoa dawa ya matone. Ya pili ilitoa vidonge vya malaria, kwa kuwa mtoto alikuwa na joto kidogo. Majuma yakapita matatu.

Kabla sijaendelea na kisa hiki, afadhali nieleze kope huinuliwa na nini, kwani bila kujua hayo hakuna litakaloeleweka.

Jicho limekaa ndani ya tundu la mifupa. Mifupa hiyo ni saba, imeungana ikafanya chumba chenye umbo la pia, mdomo wake mpana ukiwa mbele na ncha yake nyembamba nyuma, kuelekea ubongo. Chumba hicho ni kidogo mno. Kwa mtu mzima ujazo wake ni kama mililita 30, yaani vijiko sita vya chai, na jicho lenyewe huchukua kama robo tu. Sehemu iliyobaki imejaa mafuta laini, misuli ya kuligeuza jicho huku na huku, mishipa ya damu, tezi ya machozi, na neva, yaani mishipa ya fahamu, iliyo muhimu kuliko yote ikiwa ile inayopeleka kuona kwenye ubongo. Hakuna nafasi ya ziada. Kitu chochote kikiota au kikivimba ndani humo, mifupa haitanuki, basi lazima kimoja kati ya vilivyomo kisukumwe au kibanwe.

Msuli unaoinua kope la juu huanzia nyuma kabisa ya tundu, karibu na ile ncha. Hupita chini ya dari ya mfupa, juu ya jicho, ukaja mbele kushikamana na kope. Amri yake huletwa na neva inayotoka ubongoni na kupenya katika mwanya mwembamba ulio huko huko nyuma. Upo pia msuli mwingine mdogo unaousaidia, nao hupata amri kwa neva inayozunguka safari ndefu ya ajabu: hushuka shingoni hadi juu ya pafu, kisha hupanda tena hadi machoni. Ndiyo maana ugonjwa ulio kwenye ncha ya pafu waweza kulishusha kope kidogo, na mboni ya upande huo ikawa ndogo kuliko ya pili.

Askari wataelewa upesi nikisema kwamba kope ni kama bendera. Asubuhi isipopanda, yawezekana kitambaa kimelowa mvua kikawa kizito. Yawezekana kamba imekatika, au kuna kitu kimeikandamiza. Yawezekana pia amri haikumfikia mwenye kuvuta kamba. Mtu anayekipangusa kitambaa tu, siku baada ya siku, bila kuikagua kamba, ndiye sisi tuliokuwa tukimpaka mtoto mafuta.

Katika juma la tatu, mtoto akila mahindi ya kuchoma, alisema jino linacheza. Bibi yake alifurahi, kwa sababu mtoto wa miaka sita huanza kung'oka meno ya utoto. Lakini meno yanayotangulia kung'oka ni yale ya mbele. Jino lililocheza lilikuwa gego la juu, upande wa kushoto, upande ule ule wa kope. Gego la utoto kwa kawaida hungoja mpaka mtoto afikie miaka tisa au kumi na zaidi. Hayo sikuyajua wakati huo. Aliyeyajua ni muuguzi mmoja wa makamo aliyekuwa amekuja kambini kuchanja watoto. Alimketisha mpwa wangu juu ya kiti, akasimama nyuma yake, akamwinamisha kichwa kidogo na kutazama kutoka juu ya paji la uso. Jicho la kushoto lilikuwa limetokeza mbele kuliko la kulia. Akampapasa shavu, akamfungua kinywa, akatikisa gego. Kisha akamwambia dada yangu, "Mama, leo usipike. Nenda hospitali kubwa sasa hivi."

Dada alinipigia simu, nami nikaomba ruhusa kazini. Daktari wa kwanza kutupokea huko aliuliza kama tunayo picha ya zamani ya mtoto. Kwa bahati dada alikuwa na picha iliyopigwa mwezi Januari kwa ajili ya shule. Daktari akaiweka kando ya uso wa mtoto. Katika picha makope yalikuwa sawa kabisa, mashavu sawa. Basi akajua ugonjwa ni mchanga na unakwenda mbio. Alikata kinyofu cha uvimbe ndani ya ufizi kikapelekwa kupimwa, mtoto akapigwa picha za kichwa, akapimwa damu na uti wa mgongo, na tumbo likatazamwa. Jibu lilipokuja lilikuwa na jina ambalo katika nchi hii yetu lina historia yake, nami naona ni haki kila familia iifahamu.

Mwaka 1957 katika hospitali ya Mulago, Kampala, alikuwapo daktari mpasuaji aitwaye Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland. Aliitwa kumtazama mtoto mwenye uvimbe katika pande zote nne za taya, jambo asilopata kuliona. Muda si mrefu akiwa Jinja akamwona mtoto mwingine aliye vivyo hivyo. Alianza kupekua kumbukumbu za wagonjwa, akagundua kwamba uvimbe wa taya, uvimbe wa tundu la jicho na uvimbe wa tumbo kwa watoto, vilivyokuwa vikiandikwa kama maradhi mbalimbali, ni saratani moja. Mwaka 1958 alichapisha maelezo yake ya kwanza. Mwaka 1961, pamoja na madaktari wenzake wawili, Edward Williams na Clifford Nelson, alifunga safari ya gari ya maili 10,000 hivi, akizuru hospitali za Afrika ya Mashariki na ya Kusini ili kujua ugonjwa unaishia wapi. Alikuta unafuata joto na mvua: kwenye nyanda za juu zenye baridi, na kwenye sehemu kavu, hakuna, kwenye nchi ya joto na unyevu, upo. Ndizo nchi za mbu wa malaria.

Vipande vya uvimbe vilipelekwa London kutoka Kampala kwa ndege. Ndege moja iliyobeba kipande ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester, na kipande kikachelewa kufika. Lakini ni hicho kilichochelewa ndicho kilichoota vizuri katika chupa. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona ndani ya chembe hizo kirusi kisichojulikana. Kirusi hicho wako nacho karibu watu wote duniani, nacho kwa kawaida hukaa bila kuleta madhara. Lakini kwa mtoto aliyepigwa na malaria mara nyingi, kinga ya mwili huchoka, na chembe fulani za damu zilizobeba kirusi hiki zaweza kuharibika zikazaana bila mpaka. Hivyo chandarua juu ya kitanda cha mtoto kina faida hata katika jambo ambalo wengi wetu hatukulidhania.

Naongeza jambo moja ambalo halikosi kuwavutia watu wa jeshi. Burkitt huyo alikuwa na jicho moja tu. La pili alilipoteza akiwa mtoto, kwa kupigwa na jiwe. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni alikataliwa kwa ajili ya jicho hilo. Akaingia katika kikosi cha madaktari wa jeshi la Uingereza wakati wa vita kuu ya pili, akatumika Afrika ya Mashariki, na mwaka 1946 akapangiwa kazi Lira.

Saratani hiyo hukua kwa kasi isiyo na mfano. Chembe zake zaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Huwapata zaidi watoto wa miaka minne hadi tisa, na wavulana kuliko wasichana. Lakini kwa sababu hiyo hiyo ya kukua mbio, husikia dawa upesi. Huko Mulago ilianzishwa taasisi maalumu mwaka 1967 kwa ajili yake, na ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Si ugonjwa wa kupasuliwa uso. Hutibiwa kwa dawa za kuingizwa katika mshipa wa damu, mara kadhaa kwa miezi, na nyingine katika uti wa mgongo. Mzazi anayekimbia baada ya dozi ya kwanza kwa kuwa uvimbe umenywea, akidhani mtoto amepona, humrudisha ugonjwa ukiwa mkali zaidi.

Ukweli ni kwamba si kila kope lililolegea ni saratani, wala sitaki mama yeyote akeshe kwa hofu. Wako watoto wanaozaliwa na kope moja lililolegea kwa sababu msuli haukukamilika. Hao huhitaji kupimwa mapema, maana jicho linalofunikwa tangu utoto halijifunzi kuona. Wazee nao makope huwashuka polepole kwa umri. Kuna pia ugonjwa wa misuli kuchoka, ambapo kope asubuhi liko juu na jioni limeshuka, na mgonjwa huona vitu viwili viwili. Una dawa yake.

Ugonjwa wa tundu la jicho ambao haungoji hata usiku upite ni usaha. Mtoto amekuwa na mafua siku kadhaa. Ghafla anapata homa kali, kope la jicho moja linavimba na kuwa jekundu hadi halifunguki. Vijidudu vimetoka katika vyumba vya hewa vilivyo kando ya pua, vimepenya ukuta wa mfupa ambao mahali pale ni mwembamba kama karatasi. Mfungueni kope kwa vidole safi, taratibu. Ikiwa jicho ni jeupe, linageuka pande zote na linaona, huenda vijidudu vimeishia kwenye kope, na bado inafaa aonwe na daktari siku hiyo hiyo. Lakini ikiwa jicho limetokeza, linauma likigeuzwa, au halisogei, au kuona kumepungua, hapo hatari imeingia ndani ya tundu. Saa chache zaweza kupofusha, na usaha ukipata njia ya kwenda ubongoni huua. Mtoto huyo hulazwa akapewa dawa za kuua vijidudu kwa sindano za mshipa, na pengine hupasuliwa ili usaha utoke. Nawaomba pia mwache ile tabia ya kuminya majipu ya puani na juu ya mdomo, kwa kuwa mishipa ya damu ya sehemu hizo inawasiliana na ile ya tundu la jicho na ya nyuma yake.

Kwa askari na polisi wenyewe, ngumi, mpira au kitako cha bunduki huweza kuvunja sakafu ya tundu bila kulijeruhi jicho. Uvimbe ukipungua, jicho huonekana limezama na kope limeshuka, kwa kuwa halina tena kitu cha kuliegemea. Shavu hufa ganzi, na ukitazama juu unaona vitu viwili. Aliyepatwa na hayo asipenge kamasi kwa nguvu, maana hewa itaingia ndani ya tundu. Ajiandikishe kwa daktari wa kikosi wala asingoje likizo.

Kope likishuka ghafla kwa mtu mzima, na mboni ya upande huo imetanuka, na kichwa kinauma vibaya, huenda mshipa wa damu ndani ya kichwa umevimba na unataka kupasuka. Huyo ni wa kubebwa. Mgonjwa wa kisukari naye hupata kope kushuka, lakini kwake mboni mara nyingi hubaki ya kawaida. Hata hivyo kazi ya kutofautisha ni ya daktari. Na kwa wale wanaolala porini: mtu aliyeumwa na nyoka, makope yote mawili yakaanza kulegea, sumu imekwisha kuingia katika neva, na kitakachofuata ni kushindwa kupumua. Msipoteze muda kwa kuchanja na kufyonza.

Uvimbe mwingine hukua bila haraka. Kope la juu likivimba upande wa nje, karibu na sikio, na ukingo wake ukapinda kama herufi S, mara nyingi tezi ya machozi ndiyo yenye ugonjwa. Katika nchi kavu za wafugaji, kama kwa ndugu zetu wa Turkana, minyoo ya mbwa hutengeneza fuko la maji ndani ya mwili, na mara chache fuko hilo hukaa nyuma ya jicho.

Nyumbani hatuna mashine, lakini tuna macho, kurunzi na picha. Fanyeni kama alivyofanya yule muuguzi: mketisheni mtoto, simameni nyuma yake, mtazame kutoka juu jicho lipi limetokeza. Mulikeni mboni mlinganishe. Mwambieni afuate kidole bila kugeuza kichwa. Mfunikeni jicho moja, aseme vidole ni vingapi, kisha la pili. Tikiseni magego. Toeni picha za zamani mlinganishe. Askari ana picha katika kitambulisho chake, itamwambia kama kope lilikuwa hivyo tangu zamani. Tarehe mliyoliona kwanza iandikeni, kwa kuwa daktari ataiuliza, na mtu aliyehangaika majuma matatu huwa amekwisha kuisahau.

Mpwa wangu alipewa dozi ya kwanza siku ya Alhamisi. Jumatatu iliyofuata shavu lilikuwa limepungua hata mtoto wa kitanda cha pili alilitambua. Shemeji alikuwa akipiga simu kila jioni kutoka Mogadishu, na swali lake lilikuwa moja, "Kope limepanda?" Lilipanda, baada ya mwezi hivi. Matibabu yaliendelea miezi kadhaa, nywele zikanyonyoka na kurudi, na dada akahamia karibu ya wodi akipika juu ya jiko la mkaa pamoja na akina mama wengine.

Sasa yuko shule ya sekondari. Picha ya kitambulisho chake cha shule dada aliniletea nakala, na makope yote mawili yamesimama sawa. Asiyejua hawezi kutambua ni upande upi. Lakini jicho la kushoto linatambua mwanga na giza tu, kwa kuwa neva ya kuona ilibanwa muda mrefu kabla hajafika hospitali. Darasani huketi kwenye safu ya kushoto kabisa, ukutani, ili wenzake wote wawe upande anaoona.